Kipande Shingoni mwa Gwenno

Kila asubuhi, kabla tarumbeta ya machimboni haijalia mara ya pili, Lowri alikuwa amekwisha kuzoa majivu, kuteka maji na kunywa uji wake wa shayiri akiwa amesimama. Kisha alivaa viatu vyake vya mbao, akajifunika shali, akaenda nyumba ya jirani kumchukua Gwenno.

Lowri alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Gwenno alikuwa na miaka sita, na ndiyo kwanza ametimiza wiki tatu shuleni. Njia ya kushuka kutoka kijiji chetu cha Hesgin hadi shuleni ilikuwa ya mawe yanayoteleza, na mvua ya kwetu, kaskazini mwa Welisi, haina likizo. Kwa hiyo Mama Gwenno alimwomba Lowri amshike mtoto mkono.

"Umvute kabisa," alimwambia siku ya kwanza. "Huyu mdomo wake una mwendo kuliko miguu. Akikutana na kondoo atataka kumwamkia, na kondoo wa Hesgin ni wengi."

Ilikuwa kweli. Gwenno alizungumza njia nzima. Alizungumza na kondoo, na ukungu, na viatu vyake mwenyewe. Lowri alipobisha tu, alisikia miguu midogo ikikimbia na sauti ikianza hadithi kabla mlango haujafunguliwa.

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1863, Lowri alibisha na hakusikia kitu.

Alibisha tena. Mlango ulifunguliwa na Mama Gwenno mwenyewe, soksi aliyokuwa akiifuma bado imening'inia kwenye sindano zake. Alikuwa mjane, na soksi hizo ndizo zilizowalisha. Hata akitembea alifuma. Asubuhi hiyo mikono yake ilikuwa imetulia.

"Leo haendi," alisema. "Ingia uone."

Gwenno alikuwa ameketi juu ya kigoda karibu na moto. Viganja vyake viwili vilikuwa ndani ya bakuli la mtindi baridi. Alipoona Lowri ameingia aliinamisha kichwa. Mama yake alimwinua mkono mmoja taratibu, maziwa yakachuruzika. Kiganja kilikuwa kimevimba, na katikati yake palikuwa na mistari mitatu, myekundu.

"Fimbo ya Mwalimu Parri," Mama Gwenno alisema. "Fimbo naielewa, hakuna mtoto wa Hesgin asiyeijua. Nisichoelewa ni hiki: tangu jana jioni hajasema neno. Si na mimi, si na paka. Na paka, Lowri! Wewe unajua anavyomhubiria yule paka. Ulikuwa naye shuleni. Kulitokea nini?"

Lowri alitazama maziwa ndani ya bakuli.

"Sijui, Mama Gwenno."

Lakini alijua.

Ndani ya shule yetu, chini ya picha ya Malkia Viktoria, palikuwa na msumari. Kwenye msumari huo kilining'inia kipande cha mti, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima, kimetobolewa na kutiwa kamba. Juu yake zilikuwa zimechomwa herufi mbili kwa chuma cha moto, W na N, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayokataza Kiwelisi. Watoto hawakukiita jina jingine. Kilikuwa Kipande tu.

Katika Hesgin nzima watu waliokijua Kiingereza vizuri walikuwa watatu: meneja wa machimbo, daktari, na Mwalimu Parri. Sisi wengine tulizaliwa, tukaposwa, tukagombana na kuzikwa kwa Kiwelisi. Lakini mtoto akivuka kizingiti cha shule, Kiwelisi kiligeuka kosa. Aliyesikika akitamka neno moja la lugha ya mama yake alivishwa Kipande shingoni. Angeweza kukivua kwa njia moja tu, nayo ni kumsikia mwenzake akitamka Kiwelisi na kumvisha yeye. Huyo naye angemtafuta mwingine. Hivyo Kipande kilitembea kutoka shingo hadi shingo kutwa nzima, na kengele ya jioni ilipolia, yule aliyekuwa nacho ndiye aliyechapwa.

Hebu fikiri. Mtoto wa miaka sita hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Ana kiu; aseme nini? Tumbo linamuuma, aseme nini? Ameona upinde wa mvua dirishani na moyo umemjaa. Amwambie nani, na kwa lugha gani? Mnyamazishe mtoto kwa kumfundisha, nitakuelewa. Mnyamazishe kwa kuwafanya wenzake wamwinde kama sungura, na bado uiite kazi hiyo elimu! Mimi sijawahi kuelewa.

Jumatatu ile, mapema, Lowri aliangushiwa kibao cha kuandikia kwenye kidole cha mguu. Alilia "Mama yangu!" kabla hajakumbuka yuko wapi. Aliyekuwa na Kipande alifurahi mno. Alikivua mbio mbio, na mara kilikuwa juu ya kifua cha Lowri.

Kwa mtoto mwingine ingekuwa siku mbaya tu. Kwa Lowri ilikuwa zaidi ya hapo. Alikuwa amechapwa mara mbili katika wiki mbili, na baba yake, Elis, alikuwa amechoka kusikia habari hiyo. Elis alipasua mawe ya kuezekea machimboni. Alikuwa na vidole vitatu tu mkono wa kushoto, kwa sababu siku moja tangazo la kulipua baruti liliandikwa kwa Kiingereza, na yeye hakulielewa. Tangu hapo alikuwa na neno moja.

"Kiingereza, Lowri. Ofisini ni Kiingereza, mahakamani ni Kiingereza, hata baruti inalipuka kwa Kiingereza. Ukichapwa kwa lile pambo mara ya tatu nitajua shule haikufai. Utakwenda kuwa mtumishi kwenye mashamba ya bondeni, ukakamue ng'ombe wa watu. Ng'ombe hawajali lugha."

Lowri alitaka kuwa mwalimu. Alilitaka jambo hilo kimya kimya, jinsi mtu anavyotaka kitu anachoogopa kuchekwa nacho.

Kwa hiyo mchana kutwa aliwinda. Wakati wa mapumziko alipokaribia kundi, kundi lilinyamaza. Alipokwenda nyuma ya ukuta ambako wasichana walizoea kunong'ona, walifunga midomo na kumkodolea macho. Deio, mvulana wa darasa lake asiyejua kukaa bila mzaha, alipiga saluti kila alipopita.

"Yesi, sa!" alisema.

Lowri alimsukuma begani ili aropoke.

"Yesi, sa!" Deio alisema tena, akaangukia matopeni kwa makusudi, akalala chali. "Noo, sa! Yesi, sa!"

Hayo ndiyo maneno yote ya Kiingereza aliyoyajua. Wenzake walicheka kwa pua, midomo imefungwa.

Zilibaki dakika chache kengele ilie. Lowri alimwona Gwenno peke yake kando ya lundo la kuni, akihesabu vidole na kutikisa midomo bila sauti. Alijua anachofanya. Kanisani kwetu, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, watoto walisimama mbele na kila mmoja akasema aya moja ya Maandiko kwa moyo, kwa Kiwelisi. Jumapili iliyokuwa ikija ingekuwa mara ya kwanza kwa Gwenno. Alikuwa amejifunza aya yake wiki nzima. Kondoo wote wa njiani walikuwa wameisikia.

Lowri alichuchumaa kando yake. Alitazama huku na huku, kisha akanong'ona kwa lugha yao, karibu kabisa na sikio la mtoto, "Gwenno, aya yako umeishika?"

Uso wa Gwenno uling'aa. Alisimama wima, akaunganisha mikono kama watoto wakubwa wafanyavyo, akaisema aya yake yote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sauti kubwa, tamu, bila kukosea neno.

Watoto kumi walisikia.

Lowri alikivua Kipande na kumvisha. Na hili ndilo lililomnyima Lowri usingizi baadaye: Gwenno alitabasamu. Wadogo walizoea kutolewa nje kabla ya fimbo, na hakuwa amekijua bado Kipande ni nini. Alidhani amepewa zawadi kwa kuisema vizuri. Alikishika kwa mikono miwili ili kisichafuke, akaingia nacho darasani akitembea kwa maringo.

Kengele ililia. Mwalimu Parri aliuliza, kwa Kiingereza, nani anacho. Watoto walimsukuma Gwenno mbele. Alikwenda akiwa bado anatabasamu.

Jumanne hiyo, baada ya kusema "sijui," Lowri alitembea kwenda shule peke yake. Deio alimfikia njiani. Nje ya lango la shule watoto walizungumza kama maji yaliyofunguliwa.

"Shikamoo, mwindaji mkuu!" alisema. "Nimesikia jana umemuua simba. Simba wa miaka sita. Ngozi yake utaiuza lini?"

"Nyamaza, Deio."

"Mimi nilinyamaza jana kutwa, dada, ndiyo maana hukunipata." Kisha aliacha kucheka. "Tena kwa aya yake, Lowri. Hata mimi nisingefanya hivyo, na mimi ni mbaya."

"Sheria si yangu!" Lowri alifoka. "Mimi ndiye niliyekichonga kile kipande? Kila mtu anafanya. Wewe umenivisha mara ngapi?"

"Nyingi," Deio alikubali. "Lakini wewe unakijua kile kitu, na ukionewa unajua kupiga kelele." Akaenda zake.

Jumatano Gwenno alirudi shuleni, na Lowri alimshika mkono njia nzima kama kawaida, lakini ilikuwa kama kushika glovu tupu. Kondoo waliwatazama. Hakuna aliyewaamkia. Shuleni Gwenno alikaa mahali alipowekwa. Mwalimu Parri alipita kando yake, akasema kwa Kiingereza kwamba mtoto huyu sasa ana nidhamu nzuri. Lowri alikielewa Kiingereza hicho, akatamani asingekielewa.

Ijumaa jioni Elis aliweka kijiko chini, akamtazama binti yake.

"Wiki inakwisha na sijasikia habari ya pambo lile. Umeona? Ukitaka unaweza. Nilimwambia mwalimu, usimwonee huruma, mkaze. Na sasa tunaona matunda."

Lowri alikirudisha kiazi chake sahanini. "Baba..." alianza.

"Naam?"

"Hakuna kitu. Viazi vina chumvi."

"Kula, mama. Chumvi haijaua mtu."

Jumapili kanisa lilijaa. Nguo zenye mvua zilifuka mvuke, na watu walikohoa vumbi la machimboni. Elis alikuwa shemasi, na kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watoto. Mwalimu Parri aliketi kwenye benchi la mbele upande wa kulia, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alikuwa na sauti nzito, nzuri sana. Aliimba kwa Kiwelisi, kama sisi sote. Alizaliwa bonde la pili tu kutoka hapa, na mama yake hakujua Kiingereza hata kidogo. Siku sita alituchapia watoto kwa kusema Kiwelisi, na siku ya saba alikitumia kumwomba Mungu. Watu wazima waliliona jambo hilo mwaka baada ya mwaka na hakuna aliyeona ajabu.

Watoto walijipanga. Deio alisema aya fupi kuliko zote, ileile aliyoisema mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake.

"Deio," Elis alisema, "Maandiko yana kurasa nyingi."

"Ndiyo, mzee. Nimeanza na mahali penye nafasi."

Kanisa lilicheka. Lowri alisema yake haraka, sauti yake ikikwaruza. Kisha Elis akainama mbele ya Gwenno, ambaye mama yake alikuwa amemsuka nywele na kumfunga utepe wa bluu.

"Haya, bibi mdogo," alisema kwa upole. "Leo ni zamu yako. Tusomee aya yako."

Gwenno alimtazama. Kisha, polepole, alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaifungua viganja vikiangalia juu, akafumba macho na kungoja.

Elis alibaki ameinama. Alama za fimbo zilikuwa zimegeuka rangi ya zambarau, zikionekana wazi hata kutoka benchi la tano. "Mtoto wangu," alisema, na sauti yake haikuwa ya shemasi tena, "nani atakupiga hapa?"

Gwenno hakufumbua macho. Mikono ilianza kumchoka, lakini hakuishusha.

Nyuma ya kanisa mtu alisimama. Alikuwa Mama Gwenno. Wanawake hawakuzoea kusema wakati huo wa ibada, na mjane mfuma soksi hakuzoea kusema wakati wowote. Alitembea hadi mbele, akaishika mikono ya mwanawe na kuishusha.

"Mwalimu Parri," alisema. "Jumatatu ulimchapa huyu. Alikuwa amesema nini?"

Mwalimu alikuwa bado ameshika kitabu cha nyimbo. "Mama Gwenno, hapa si mahali..."

"Alikuwa amesema nini?"

"Alikuwa na Kipande kengele ilipolia. Ni sheria. Mimi siulizi walichosema. Nikianza kuuliza sitamaliza."

"Hukuuliza," Mama Gwenno alisema.

Lowri aliwaza mashamba ya bondeni, na ng'ombe wa watu. Aliitazama ile mikono midogo ndani ya mikono ya mama yake. Miguu yake ilipiga hatua mbele kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Alisema aya yake," alisema.

Kichwa cha kila mtu kiligeuka. Baba yake aliinuka taratibu.

"Umejuaje?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aiseme. Kipande kilikuwa changu, Baba. Nilitaka kukivua kabla ya kengele. Nilijua ataisema kwa sauti, kwa sababu alikuwa anaipenda." Lowri alikuwa analia sasa, lakini hakunyamaza. "Na Jumanne, Mama Gwenno, uliponiuliza mlangoni, nilikudanganya. Nilikuwa najua."

Mama Gwenno alimgeukia. Hakuwa na uso wa huruma, na Lowri hakuutegemea.

"Nilikukabidhi mkono wake," alisema. "Umshike asianguke. Wewe ndiye uliyemsukuma. Umefanya kosa kubwa, Lowri, na usimwache mtu akuambie ni dogo kwa sababu wewe ni mtoto. Mzigo wako ukiwa mzito, omba msaada. Ukishindwa, ubebe hivyo hivyo ukilia. Lakini usiubwage kichwani kwa mtu mdogo kuliko wewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na umesema ukweli mbele ya watu wote hawa, ukijua utakachokipata. Hilo nalo nimeliona." Kisha akageuka, na sauti yake ikapanda. "Sasa na sisi! Mtoto huyu alitega mtego. Nani alimpa kamba? Nani alimfundisha kutega? Tumekaa hapa miaka yote, tunajua watoto wetu wanafundishwa kusalitiana, tena tunalipa karo! Tunawaambia Jumapili mpendane, halafu Jumatatu tunawapeleka wakauzane. Na sisi ndio tunaojiita wazazi!"

"Mama Gwenno," Mwalimu Parri alisema, uso wake umeiva, "usidhani nafurahia. Mimi mwenyewe nilikivaa nilipokuwa mdogo. Mara nyingi kuliko huyu. Na ndiyo sababu leo ni mwalimu."

"Kwa hiyo ulijua kinavyouma," Mama Gwenno alisema.

Mwalimu alikifunga kitabu cha nyimbo. Hakuanzisha wimbo siku hiyo. Watu walitoka bila wimbo.

Nyumbani Elis alikaa mbele ya moto bila kuvua koti. Lowri alisimama kando ya mlango akingoja kuambiwa afungashe nguo zake.

"Nilimwambia akukaze," Elis alisema hatimaye. "Nilidhani nakuokoa vidole. Sikujua nauza kitu kingine." Alijisugua uso kwa mkono wake wenye vidole vitatu. "Hutakwenda bondeni. Lakini kwa Gwenno utakwenda, na utakwenda peke yako. Mimi siwezi kukuombea radhi. Kesho kwanza nina safari yangu ya shuleni, na usiku huu nina milango ya kubisha."

Jumatatu asubuhi watoto wa Hesgin walifika shuleni wakiwa wameshikwa mikono na wazazi wao, na hakuna aliyevuka kizingiti. Wapasua mawe saba walikuwa wameacha kazi siku hiyo, na machimboni siku isiyofanyiwa kazi hailipwi. Elis alivua kofia, akaingia peke yake. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia yote.

"Mwalimu, tunakitaka Kiingereza. Ninakitaka kuliko mtu yeyote hapa," alisema, akainua mkono wake wa kushoto. "Kifundishe. Lakini kifundishe kwa mdomo wako, usikifundishe kwa viganja vyao. Kile kitu kikitoka ukutani, watoto wataingia. Kisipotoka, tutarudi nao nyumbani."

"Mkaguzi atakuja mwezi wa tano," mwalimu alisema. "Atawapima kwa Kiingereza. Wakishindwa nitafukuzwa mimi."

"Basi tutamwambia mkaguzi tuliyokuambia wewe. Sisi sote."

Tulisikia kamba ikikwaruza msumari. Elis alitoka ameingiza mkono mfukoni mwa koti. Alikokipeleka Kipande sikujua, na sikutaka kujua. Kitu kama kile hakistahili kukumbukwa kaburi lake.

Usidhani shule iligeuka paradiso siku hiyo. Fimbo ilibaki, na waliochelewa waliijua. Lakini asubuhi ile Mwalimu Parri alifungua kitabu cha kusomea, kile ambacho watoto walikuwa wamekiimba kwa miaka bila kuelewa, akasoma sentensi ya kwanza kwa Kiingereza. Alisita. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu, akaeleza maana yake kwa Kiwelisi.

Deio aliruka kutoka kitini.

"Jembe!" alipiga kelele. "Kumbe ni jembe la farasi! Miaka mitatu nasoma habari za jembe, mimi nikadhani ni jina la Mfalme!"

Darasa zima lilicheka kwa midomo wazi. Hata mwalimu alilazimika kugeukia ubaoni.

Gwenno hakucheka. Alikaa mahali pake, viganja vimefumbwa juu ya mapaja.

Alasiri Lowri alikwenda kwa Mama Gwenno. Gwenno alikuwa chini, karibu na moto, paka amelala kando yake. Mama yake alikuwa kitini akifuma. Alimwonyesha Lowri kwa kidevu mahali pa kukaa.

Lowri alikaa sakafuni. Alianza kwa habari za Deio na jembe. Gwenno alimtazama paka. Akasema mwezi ujao kutakuwa na Jumapili nyingine ya aya. Gwenno akavuta mkia wa paka taratibu. Lowri alisema anasikitika kwa yaliyotokea.

"Yaliyotokea hayakutokea yenyewe," Mama Gwenno alisema bila kuinua macho.

Lowri alimgeukia mtoto. "Nilikudanganya, Gwenno," alisema. "Niliogopa kuchapwa, nikaona wewe ni mdogo, hutajua, nikakufanya uchapwe wewe. Aya yako haikuwa kosa. Kosa nililifanya mimi."

Sindano za Mama Gwenno zilisimama. Gwenno aliinua uso. Mashavu yake yalianza kuwa mekundu, kifua kikapanda na kushuka, na ngumi zake ndogo zikakunjamana. Lowri alinyoosha mkono ili amkumbatie, lakini Mama Gwenno alimzuia.

"Mwache," alisema, macho yakimlengalenga. "Kosa alitendewa yeye. Na neno la kwanza ni lake, hata kama halitakupendeza."

Na Gwenno akalisema, kwa Kiwelisi, kwa sauti iliyomfanya paka akimbilie chini ya kitanda:

"Nilidhani ni zawadi! Umenikasirisha, Lowri! Umenikasirisha sana, sana, sana!"